Msafara Uliogeukia Langoni

"Hivi dada, marehemu alikuwa anaamka mara ngapi usiku?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu asubuhi moja tulivu, mimi naanika mashuka, yeye kainua kichwa juu ya ukuta unaotutenganisha. Ndugu zangu, mjane huulizwa mengi. Huulizwa ameachiwa nini, huulizwa ataolewa lini, huulizwa mbona amenenepa. Hilo la kuamka usiku lilikuwa geni, nikaangua kicheko. Kumbe mwenzangu hacheki.

Akaninong'oneza kwamba mume wake sasa halali. Kila akigeuka kitandani, anasikia mlango wa choo unalia kama mbuzi. Akimuuliza, mume anasema alitoka kusikiliza wezi. Kwa jinsi alivyokuwa akisikiliza, mtaa wetu ulipaswa kuwa salama kuliko benki.

Kicheko kikanikauka. Nikamjibu, "Mwanzoni mara moja. Mwishoni akawa haoni sababu ya kurudi kitandani."

Si siri, na sioni haya kuitaja: saratani ya tezi dume ndiyo iliyomchukua mume wangu. Nikamwambia jirani asingoje, ampeleke mwenzake akapimwe. Si kila anayeamka usiku ana ugonjwa huo, lakini anayejua ni mpimaji, si sisi tunaoegemea ukuta.

Sasa kumpeleka ndiyo ilikuwa shughuli. Mume huyo ni fundi makochi, karakana yake iko mbele ya nyumba, na wote tunamwita Chuma. Jina alijipa mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kumeza kidonge, na kochi la watu watatu hulibeba kichwani peke yake huku anapiga mluzi. Lakini kile kipimo ambacho wanaume hawakitaji bila kukohoa kwanza, hicho hakutaka hata kukisikia. Nilipojaribu kumgusia alinijibu, "Shemeji, chuma hupimwa kwa nyundo, hakipimwi kwa kidole." Akaongeza na maneno mengine ambayo mimi, mtu wa sala, siwezi kuyaandika.

Mkewe akaamua kumwita wifi yake. Huyu ni dada mkubwa wa Chuma, mwanamke aliyemlea kwa kofi na uji, na ndiye binadamu pekee ambaye Chuma humwogopa. Wakapanga kimya kimya: Jumamosi asubuhi wifi angekuja, amshike ndugu yake ukosi, wakaonane na daktari.

Siri ya wanawake wawili haikai. Siku mbili kabla ya Jumamosi, Chuma akarudi nyumbani amevaa fulana nyeupe mpya, kifuani imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba tunapinga saratani. Akatangaza kuwa Jumamosi hatakuwepo. Ameingia kwenye msafara wa baiskeli wa hisani, wanaume wa mitaa yote wataendesha kuwachangia wagonjwa. Akamtazama mkewe kwa upole wa mtakatifu, akamuuliza kama kweli anataka kumzuia mtu asipigane na saratani.

Hata ungekuwa wewe, ungesema nini?

Jioni hiyo Chuma akaja kwangu, kavua viatu mlangoni kama mposaji. Akanieleza kuwa kwenye kikao cha msafara kila mtu alitakiwa kutaja sababu yake. Mmoja alisema anaendesha kwa ajili ya mama yake. Mwingine kwa ajili ya mtoto. Muuza mikate alikiri kwamba mkewe amemwambia apunguze tumbo. Zamu yake ilipofika, Chuma alisema anaendesha kwa ajili ya marehemu mume wangu, jirani yake mpenzi, na watu wakapiga makofi. Sasa alikuwa anaomba picha ya marehemu aibandike kifuani.

Mtu anakikimbia kipimo, na katika kukimbia anamshika mkono yule aliyekufa kwa kutokupimwa. Nikaenda chumbani, nikamletea picha. Mungu hupenda wenye subira, na mimi nilitaka kuona safari hiyo inaishia wapi.

Inaishia wapi ndilo jambo ambalo Chuma mwenyewe hakulijua. Mwenyekiti wa msafara, mwalimu mstaafu, alinisimulia baadaye. Katika kikao kile alitangaza kwamba msafara utaishia uwanja wa hospitali, chini ya mahema, na wanaoendesha ndio watakaopimwa wa kwanza ili wanaume wengine waige. Wakati anatangaza hayo, kiti cha Chuma kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka kwenda haja ndogo.

Ijumaa nzima tulimsikia anagonga misumari. Kukaa kulikuwa kumeanza kumuuma, ingawa hakukiri, basi akakivua kiti cha baiskeli, akaweka sponji juu ya sponji, akakivika kitambaa chekundu cha mahameli kilichobaki kwenye makochi ya mteja. Kilipokwisha kilikuwa kiti cha enzi. Jumamosi alipokipanda, miguu ilizifikia pedali kwa ncha za vidole tu, naye akawa juu ya wenzake kama bwana harusi aliyewekwa kwenye keki. Kwa kuwa alionekana tangu mbali, mwenyekiti akamkabidhi bendera, akaambiwa aongoze. Njia angeelekezwa na mwenyekiti mwenyewe kwa filimbi, kutoka nyuma.

Sisi wanawake tulitangulia langoni kwa hospitali: mimi, mkewe, na wifi na chupa yake kubwa ya maji. Manesi walikuwa wamejipanga mbele ya mahema. Mara tukaiona bendera inateremka mtaa, Chuma chini yake, mume wangu kifuani pake anatabasamu, na nyuma yao mto mweupe wa wanaume wakiimba.

Filimbi ikalia: ingia kushoto. Chuma akatazama kushoto. Akaona bango, WANAUME PIMENI MAPEMA. Chini ya bango akamwona daktari anavaa glavu. Karibu na daktari akamwona dada yake.

Sijui kama alifikiri, nadhani mikono ilimtangulia. Bendera ikageuka kulia, ikashika barabara ya sokoni. Na hapa, msomaji, ndipo ninapokuomba usikilize vizuri, maana hakugeuka peke yake. Wanaume wote waligeuka. Waliojua njia na wasioijua, hakuna aliyeita, hakuna aliyeuliza, walimfuata kama vifaranga. Mwenyekiti akapita wa mwisho, filimbi mdomoni haina sauti, macho mbele, kama mtu asiyeiona hospitali ya ghorofa tatu.

Nesi mmoja mdogo akauliza, "Sasa wamekwenda wapi?"

Wifi akamjibu, "Wamekwenda kupinga saratani."

Walimalizia karakanani kwa Chuma. Wakapiga picha wameinua ngumi. Adhuhuri haijaisha, Chuma akaja kunirudishia mume wangu. Mkewe alimfuata, akasimama mlangoni na mkoba wake. Wifi alikuwa amebaki langoni. Alisema yeye haondoki.

Chuma alikaa kwenye ukingo wa kochi, upande mmoja, kama mtu aliyekalia yai. Akaniambia kazi imekwenda vizuri, marehemu ameheshimiwa.

"Ulimfikisha wapi?" nikamuuliza.

"Tulizunguka naye mji mzima, shemeji."

"Langoni kwa hospitali mlifika?"

"Tulifika."

"Basi hapo hapo ndipo marehemu naye alipokuwa anageukia. Mara ana mgeni, mara ana safari, mara gari limeharibika. Nilimfikisha kwenye lango lile hata walinzi wakanizoea. Siku alipoingia hakuwa anatembea tena, alibebwa. Daktari akasema, mama, mngekuja mapema."

Kisha nikamwambia maneno haya, ambayo nawaambia na ninyi.

FUNZO

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kuvaa fulana ya kupinga ugonjwa ni jambo jema, na kuwachangia wagonjwa ni sadaka, lakini sadaka haipimi damu ya mtoaji. Anza na mwili uliopewa na Mungu, ndipo uwapiganie wenzako. Wanaume, aibu ya kipimo huisha ukishafunga mkanda. Wengi hupimwa wakakutwa wazima, wengine huwahiwa wakatibiwa, wakarudi kazini. Na sisi wake, tusiipokee hadithi ya wezi kila usiku kwa sababu tu inachekesha. Mimi nilizipokea nyingi za kuchekesha. Mchekeshaji hayupo.

Nilipomaliza, Chuma alikuwa anaitazama mikono yake. Nikamkumbusha kwamba mahema yapo mpaka jioni.

Akasimama. Akampita mkewe mlangoni, naye mkewe akaweka mkoba begani. Akaipita baiskeli yake iliyoegemea ukuta, hakuigusa. Akatoka kwa miguu, akashika njia ya hospitali.