Gari la Marehemu Halikukubali Rangi

Gundi ilikuwa imekauka ndani ya tyubu tangu Léonard alipokufa, lakini asubuhi ile chumba cha nyuma kilinuka gundi mbichi. Deborah alisimama mlangoni, ameziba pua.

"Alexis, nani njo alifungula colle?"

"Hakuna muntu," mumewe alijibu kutoka sebuleni. "Iko harufu ya kwa majirani."

Nyumba hiyo ya mtaa wa Katuba haikuwa yao. Ilikuwa ya Léonard, kaka yake Alexis, fundi wa reli aliyemaliza jioni zake zote akiunganisha maketi, yale magari madogo ya plastiki ya zamani yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi. Matanga yalipoisha, Alexis alikuja na wajomba wakamtoa mjane, Jeanne, pamoja na binti yake Léa, mvua ikinyesha. "Mali ya ndugu yetu inarudia kwetu," alisema. Jeanne akaenda kwa kaka yake, mjini Kambove.

Mezani lilibaki gari ambalo marehemu hakulimaliza, la Kimarekani, lenye mapezi nyuma kama samaki. Alikuwa amelipaka rangi ya maziwa, tabaka jembamba juu ya tabaka, kila moja akiisugua kwa papier verre, karatasi ya msasa. Kwenye bampa alibandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, aliyoikata nyembamba kama uzi. Alexis akalipulizia rangi nyekundu ya baiskeli, akaliweka sebuleni.

"Miye njo nilitengeneza," aliwaambia wageni.

Kesho yake wekundu wote ulikuwa sakafuni, umebanduka kama ngozi ya nyoka, na gari limerudi kwenye meza yake ya zamani. Alexis akamfokea Deborah, Deborah naye akamfokea. Alexis akalipaka tena. Safari hii alikuta limefumuliwa: magurudumu, viti, usukani, kila kipande kimepangwa mahali pake, kama afanyavyo mtu anayetaka kuanza upya.

Mchana huo, wakila bukari, ugali wa kwao, walisikia kitu ukutani. Shh, shh, shh.

"Iko anasugua," Deborah alinong'ona.

"Nyamaza."

"Iko anasugua, Alexis, naambia weye!"

Sauti ikatoka ukutani ikaingia chini ya meza, ikapita kwenye miguu ya viti, ikapanda polepole, na harufu ya gundi ikawa nzito hata bukari ikawa chungu mdomoni, na Deborah alipoinua mkono wake aliona ngozi ya kiganja imekuwa laini, inang'aa, mistari yote imefutika, kama kwamba mtu mvumilivu alikuwa ameusugua muda wote ule bila yeye kusikia maumivu.

Alexis hakukubali kushindwa. Akalala usingizi wa mchana, akaamka akipiga kelele. Kope zake zilikuwa zimegandishwa kwa gundi.

Deborah alizifungua kwa mafuta ya mawese, kisha akamwita Mama Ngalula wa kikundi cha maombi. Mama huyo aliingia na rozari na maji ya baraka. Hakukaa ndani hata kidogo.

"Huyu hapana shetani ya barabarani," alisema akirudi uani. "Iko mwenye nyumba. Miye siwezi kufukuza muntu kwake. Mwite bibi yake."

Alexis, macho mekundu, akaenda Kambove kuomba msamaha. Jeanne alimsikiliza amesimama, hakumpa kiti. Lakini alikuja.

Akaingia chumba cha nyuma, akaegemeza ngumi zake mezani. Kusugua kukakoma.

"Léonard, ni miye. Minasikia uko na kasirani. Ju ya nini? Ju ya rangi?" Sauti yake ikapanda. "Vile ulikuwa muzima nilikuambiaka, twende ku ofisi ya commune, tuandike parcelle na nyumba ku jina ya mutoto. Ukasema kesho. Bandugu yako banatufukuza mu mvua, na weye unanyamaza! Leo banagusa gari ya plastiki, njo unaamuka? Kama iko kasirani ya kweli, ipeleke pahali iko na kazi!"

 Kisha kitanda cha Alexis kikaanza kutembea.

Kilipita ukumbini peke yake, kikatoka verandani. Godoro, sufuria, televisheni na nguo zikafuata, zikiruka hadi barabarani mbele ya majirani. Deborah alikimbia bila viatu. Alexis aling'ang'ania fremu ya mlango, na vidole visivyoonekana vikaanza kumbandua, kimoja kimoja, bila haraka.

"Ya Jeanne, dada yangu, mwambie aache!"

"Miye? Si njo ndugu yako. Ongea naye."

Alexis akaanguka vumbini, akakimbia bila kugeuka.

Ndani, Jeanne alihisi mkono begani. Ulikuwa baridi, ncha za vidole ngumu kwa gundi. Alitamani kuushika. Hakuushika.

"Aksanti," alisema. "Sasa na weye, toka."

Mkono ukabaki palepale.

"Toka, Léonard. Ulichelewa."

Mkono ukaondoka. Huko nje geti likafunguka, kisha likajifunga taratibu, kama linavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.