Aliyesahau Friji ya Kimchi

Asubuhi za shule Dasom aliamshwa na simu yake, ambayo aliizima, kisha na mama yake, ambaye hazimiki. Akiendelea kulala, kazi ilimaliziwa na spika ya jengo. Kila nyumba katika majengo yao ya ghorofa, mjini Mokpo, ilikuwa na spika ndogo darini, na humo mzee wa ofisi ya jengo aliwatangazia wakazi wote, watake wasitake: msikung'ute mazulia kwenye roshani, mwenye gari jeupe ashuke alisogeze, kesho maji yatakatwa. Dasom alikuwa akisema mzee yule akipewa nafasi ataimba kabisa.

Mwimbaji wa kweli, kwa maoni ya Dasom, alikuwa Dasom. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, sauti nzuri, na kichwa kinachovuja. Miavuli yake ilibaki kwenye mabasi. Siku moja alitoka na begi la shule mkono mmoja na mfuko wa taka mkono wa pili, akatupa begi. Aliyemkimbilia na kuliokoa alikuwa Mirae, rafiki yake wa jengo la pili, msichana mpole aliyepiga gitaa kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Tangu hapo kichwa cha Dasom kikawa mzaha wao wawili, na Mirae ndiye aliyekuwa akimkumbusha kila kitu.

Mwezi wa Mei klabu ya matangazo ya shule, wale wanafunzi wanaopiga muziki kwenye spika za bwalo wakati wa chakula cha mchana, ilikubali kupiga wimbo ambao wawili hao walikuwa wameutunga. Sharti lilikuwa moja: waulete ukiwa umerekodiwa vizuri. Shule nzima ingesikia. Dasom hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyotaka hicho.

Basi wakakaa chumbani kwa Dasom na kompyuta ya baba yake, programu ya bure ya kurekodi, na maikrofoni mbili za kuazima, moja ya sauti, moja ya gitaa. Wakatundika mablanketi ukutani ili sauti isivume, na ili jirani wa chini asipige simu kulalamika. Wakaanza. Programu nayo ikaanza visa vyake.

Kwanza, sauti ya Dasom ilikuja nyuma ya gitaa kama mtoto anayeburutwa sokoni.

"Unachelewa," Mirae alisema.

"Mimi? Mimi ndiye saa yenyewe."

Walibishana mpaka Mirae akagundua kwamba zile hedifoni zisizo na waya ndizo zilizochelewa. Gitaa lilimfikia Dasom masikioni likiwa limeshapita. Wakachukua za waya, mambo yakanyooka. Kisha sauti ikawa inakwaruza kila alipoipandisha. Kumbe mistari kwenye kioo ilikuwa ikigonga rangi nyekundu, wakapunguza nguvu ya maikrofoni na Dasom akasogea nyuma kidogo. Halafu, katika jaribio lililokwenda vizuri kuliko yote, mahali pa huzuni kabisa, mzee wa jengo akaingia kutoka darini: wakazi mnaombwa msitupe mabaki ya chakula kwenye pipa la karatasi. Mirae alicheka mpaka akalaza gitaa chini.

Baada ya yote hayo ukabaki mngurumo. Mdogo, wa chini chini, usiokwisha. Walibadilisha nyaya, wakazima taa, wakachomoa chaja za simu. Mngurumo haukujali. Mwishowe Mirae akabandika sikio ukutani kama daktari.

"Ukuta wenu una mgonjwa. Upande wa pili kuna nini?"

"Roshani ya nyuma. Kuna friji ya kimchi."

Friji hiyo ilijaa kimchi, yaani kabichi za kuchachusha, za Bibi yake Dasom aliyeishi Haenam. Kila mwaka baridi ilipoanza kuuma, ukoo mzima ulikusanyika kwake kutia kabichi chumvi na kuzipaka pilipili jani kwa jani, mikono ikiwaka moto, kisha kila nyumba ikabeba ndoo zake za kula mwaka mzima. Mwaka uliopita Bibi alifanya kazi akiwa ameketi kwa sababu ya magoti, na alisema huenda hizo ndizo kabichi zake za mwisho.

Mirae akaenda akachomoa waya wa friji. Wakarekodi tena. Chumba kilikuwa kimya kama theluji, gitaa likatembea, sauti ikapaa, na wimbo ulipokwisha walitazamana hawaamini. Mama akaita kwamba maandazi ya nyama yako mezani na yanapoa. Wakakimbia.

Siku zikapita. Kimchi ya kula ilikuwa kwenye friji ya jikoni, hivyo hakuna aliyekwenda roshani. Jua la Mei lilipiga kwenye vioo vyake kila alasiri. Siku Mama alipofungua friji ile kutafuta ndoo nyingine, harufu ilimrudisha nyuma. Vifuniko vilikuwa vimevimba, maji mekundu yametapakaa chini, na juu ya kabichi umetanda utando mweupe. Waya ulikuwa umelala sakafuni.

Dasom alipoulizwa hakusita. "Mirae ndiye aliyechomoa."

Jioni hiyo Mirae alikuja kuchukua kitabu chake, na Mama akamuuliza pale pale mlangoni, kwa upole. Bibi angekuja Jumamosi, alisema, naye alitaka tu kujua amwambie nini.

"Ndiyo, Mama Dasom, nilichomoa mimi," Mirae alisema akiinamisha kichwa. "Nisamehe. Lakini nilipotaka kuchomeka, Dasom alisema ataichomeka mwenyewe."

Dasom alimgeukia Mirae.

"Mimi? Nilisema lini?"

"Siku ile ile. Wimbo ulipoisha."

"Mirae, niangalie. Nilisema lini?"

"Si umesahau tu, Dasom."

Mama alishusha pumzi ndefu, na ilikuwa wazi pumzi ile iko upande wa nani.

Usiku ule haukuwa na raha, na wala asubuhi yake. Friji haikumuuma Dasom hata robo. Kilichomuuma ni lile neno "tu". Kichwa chake kinachovuja kilikuwa mali yao wawili, cha kuchekea njiani, na sasa Mirae amekitoa mbele ya Mama kama ushahidi mahakamani. Mtu anayekujua hivyo, Dasom alijiambia, ndiye anayejua pia pa kukuchoma. Alijaribu kukumbuka siku ile, akakumbuka wimbo na maandazi. Neno la kuchomeka friji hakuliona popote. Kwa hiyo halikusemwa. Kwa hiyo Mirae ni mwongo.

Shuleni alilisema hivyo hivyo, na alilisema vizuri, maana ulimi wake haukuwa unavuja. Aliwasimulia wasichana wa darasa jinsi Mirae alivyomsukumia kosa mbele ya mama yake mzazi. "Ukimpa huyo siri," alisema, "mpe na mfuko wa kuibebea, aifikishe salama." Wakacheka. Kabla ya wiki kwisha Mirae alikuwa anakula peke yake mwisho wa meza, karibu na ndoo ya makombo. Hakujitetea. Dasom alimtazama na kujisemea kwamba anastahili, ila wali wa siku zile ulikuwa mgumu kumeza.

Klabu ya matangazo ilikuwa imesema wimbo utapigwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi Dasom alifungua kompyuta akiwa na mpango. Shule nzima ingemsikia yeye peke yake. Alibonyeza kitufe cha kunyamazisha gitaa, akaweka hedifoni, akasikiliza.

Gitaa lilikuwa bado lipo.

Aliangalia tena. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa, mstari wa gitaa umefifia. Alijaribu kuzima na kuwasha programu. Alijaribu kupunguza sauti nzito, ikawa yeye ndiye anaimba kama yuko ndani ya bomba, na gitaa bado linatembea nyuma yake polepole. Ilimchukua muda kuelewa kwamba programu haikuwa na kosa. Walikaa chumba kimoja. Maikrofoni yake ilikuwa imemsikia Mirae wakati wote.

Kwa hasira akaamua kutafuta walau sehemu isiyo na gitaa, akausogeza wimbo mpaka mwisho. Hapo akaona jambo. Wimbo ulikwisha, lakini mstari uliendelea. Siku ile walikuwa wamesahau kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Kulikuwa na mawimbi madogo kama chungu wanaotembea. Akaongeza sauti.

Kicheko. Kiti kikiburuzwa. Kisha Mirae: "Ngoja nikachomeke friji."

Na sauti nyingine, nzuri, yenye furaha, aliyoijua kuliko zote duniani: "Acha bwana, turudie mara moja tu. Nitachomeka mwenyewe."

Halafu Mama akiita kwa mbali, miguu ikikimbia, mlango. Kimya.

Dasom alitoa hedifoni. Upande wa pili wa ukuta alisikia maji yakimwagika. Bibi alikuwa ameshafika na basi la asubuhi, na kabla ya kuvua soksi alikuwa ameingia roshani kuona watoto wake, kama alivyoziita kabichi zile.

Kipande kile kilikuwa kifupi. Kukifuta kungehitaji kidole kimoja. Hakuna aliyejua kipo, na hakuna ambaye angejua kilikuwapo. Dasom aliweka kidole juu ya kitufe na kukiacha hapo kwa muda. Alimwona Mirae karibu na ndoo ya makombo. Aliondoa kidole, akabeba kompyuta, akaenda roshani.

Bibi alikuwa juu ya kigoda, mikono miekundu, anasuuza kabichi moja moja. Mama alikuwa anafuta sakafu. Dasom aliwasikilizisha kile kipande, kisha akawaeleza mengine yote, pamoja na maneno ya shuleni.

"Sauti hiyo ya pili ya nani?" Bibi aliuliza.

"Yangu, Bibi."

"Umeshamwambia mwenzio?"

"Bado."

"Na wale uliowapa maneno shuleni?"

"Bado."

"Basi mimi ni wa mwisho kwenye foleni. Umeruka watu."

Dasom alikwenda jengo la pili akabonyeza kengele. Simu ya mlangoni ikawaka taa.

"Mirae hayupo," ilisema.

"Mirae, ni wewe unayeongea."

"Najua."

Dasom aliinua simu yake, ambamo alikuwa ameweka kile kipande, akakipiga.

"Mimi sihitaji kusikia," Mirae alisema. "Nilikuwepo. Umewaambia wangapi kwamba mimi mwongo?"

"Wengi."

"Basi wachezee hao." Taa ikazimika.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, wimbo ulipigwa. Gitaa na sauti, pamoja, kama ulivyorekodiwa. Bwalo lilinyamaza, hata wale wa meza ya nyuma ambao hawanyamazii hata mwalimu mkuu. Wimbo ulipokwisha watu walianza kupiga makofi, lakini spika haikukatika. Kikasikika kicheko, kiti, na msichana akisema ngoja akachomeke friji. Kisha sauti ya Dasom, kubwa, juu ya vichwa vya shule nzima: nitachomeka mwenyewe.

Wasichana wa darasa lake waligeuka kumtazama Dasom, kisha Mirae. Dasom alisimama. "Nilisema Mirae ni mwongo," aliwaambia. "Mwongo hakuwa yeye. Nilisahau mimi." Akachukua sinia lake, akavuka bwalo lote, akaketi karibu na ndoo ya makombo.

Mirae aliendelea kula supu yake bila kuinua macho.

"Ulisahau kukata mwisho wa wimbo," alisema.

"Huo sikusahau."

Mirae alitafuna kwanza. Halafu akachukua yai lake la kukaanga kwa vijiti, akaligawa mara mbili, akaweka nusu kwenye wali wa Dasom. Dasom aliila nusu hiyo kabla ya kitu kingine.

Jioni Bibi aliwaita wote wawili mezani. Katikati palikuwa na sufuria ya kimchi ile iliyochacha, aliyoisuuza utando na kuipika taratibu pamoja na samaki vibua, hadi uchachu ukawa utamu unaoita wali mwingine. Ndoo mbili hazikuokoka, alisema, zilizobaki zitapikwa hivyo hivyo mpaka ziishe, na baridi ikija hawa wawili watakwenda Haenam kukaa kwenye vigoda yeye akiwa amelala anawaamrisha.

"Dasom," Bibi alisema akimtolea mwiba samaki wake, "kusahau mimi sikugombezi. Nimeshaunguza masufuria mengi kuliko uliyowahi kuyaosha. Lakini ulipoulizwa, hukukumbuka. Ungesema sikumbuki. Ni neno jepesi na halimvunji mtu. Wewe ukachukua pengo lililo kichwani mwako ukalijaza kwa jina la rafiki yako, ukaenda kuwagawia watu. Kabichi nimeiosha. Jina la mtu haliwekwi chini ya bomba. Siku nyingine, kabla hujasema mwenzako kakusaliti, jikague wewe kwanza, kama mlivyokagua hizo nyaya zenu."

"Nimesikia, Bibi."

Walikula. Nyuma ya ukuta friji ilikuwa inanguruma.

"Mngurumo umerudi," Mirae alisema.

Dasom aliweka vijiti chini, akainuka, akaenda roshani kuhakikisha waya uko mahali pake.