Samaki Waliokitazama Kiti

Kila alasiri mama mshonaji alisimamisha cherehani, akakaa kwenye kiti cha marehemu mumewe na kuwalisha samaki wake katika tangi la kioo. Walikuwa sita, wadogo, wenye mstari wa buluu ubavuni. Walikwenda pamoja, wakageuka pamoja. Katika vyote alivyoacha marehemu, hao tu ndio waliokuwa hai. Mama aliapa hawatamfia mikononi.

Siku moja aliwanunulia wenzao watatu. Aliwachagua waliotulia peke yao pembeni, maana walimtia huruma. Akawamimina tangini pamoja na maji yao ya dukani, wasijione wageni.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja samaki walikuwa wanane. Kesho yake, saba. Mama alitafuta mzoga chini ya mawe, nyuma ya pampu, hata sakafuni. Hakuna kitu. Waliobaki walijipanga kwenye kioo, kimya, wakikikodolea macho kile kiti kitupu.

"Mama," binti yake alinong'ona, "baba anawaita mmoja mmoja."

"Koma! Usinitie wazimu!"

Lakini siku hiyo hakukikalia kiti. Alimwita jirani, mstaafu wa maabara. Mtaa mzima ulimwita Hadubini. Mzee aliinama, pua ikagusa kioo.

"Shemeji, hapa hakuna mzimu. Unaziona hizi chembe nyeupe, mfano wa chumvi? Huu ni ugonjwa. Anayekufa huliwa na wenzake, ndiyo maana huoni mizoga."

"Na kiti? Mbona wanakitazama?"

"Si ndiko chakula kinakotoka?"

Mama alishusha pumzi. "Haya. Ugonjwa umetoka wapi?"

"Umeuleta mwenyewe. Samaki wa kundi akijitenga, mara nyingi anaumwa. Chagua wanaoogelea na wenzao, mapezi wazi, mwili hauna doa. Mwambie muuzaji awalishe ukiona. Tangi lina mzoga? Usinunue hata mmoja. Ukifika nyumbani, waweke karantini wiki nne: tangi lao, wavu wao. Maji ya dukani mwaga."

"Kumbe nimewaua kwa huruma!" Mama alilia waziwazi.

Alitia dawa ya madoa meupe, akafuata maelekezo ya chupa mpaka siku ya mwisho. Walipona wanne, wote wa marehemu.

Baadaye alinunua sita wachangamfu, akawaweka tangi dogo kando ya cherehani. Wiki ya pili mmoja akaota chembe nyeupe. Akawatibu humohumo, akaanza kuhesabu wiki nne upya. Wale wanne hawakuguswa.

Siku ya kuwachanganya, mama alirudi kumalizia pindo la gauni. Alipoinua kichwa, wote kumi walikuwa kwenye kioo, wakikitazama kiti.

"Hawa wageni wamejuaje?" binti aliuliza.

"Wanafuata wenyeji tu," mama alijibu.

Alichukua kopo la chakula. Akaketi taratibu, upande mmoja wa kiti, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.