Kompyuta ya Mama na Kimya cha Selamawit

Kila siku Mahlet alipotoka shule alipita nyumbani kuvua sweta, akala upesi upesi mkate wake mwembamba wa injera, kisha akateremka kilima hadi dukani kwa mama yake. Duka lilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi ya mji wa Dessie. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa moja na kisu kikubwa cha mezani cha kukatia karatasi. Watu walikuja kuchapiwa barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba na, kupita vyote, kadi za harusi.

Kazi za Mahlet zilikuwa ndogo ndogo. Alifuta vumbi, alikata kadi, alizikunja na kuzifunga utepe. Aliyechapa ni mama yake, Weizero Yeshimebet, yaani Bibi Yeshimebet. Mama alichapa Kiamhari bila kuangalia kibodi, vidole vikienda kama kuku wanaodonoa nafaka, huku akipiga soga na mteja. Dada yake Mahlet, Selamawit, aliyemaliza sekondari mwaka uliopita, ndiye aliyepanga maua na rangi.

"Pasaka ikipita," mama alimwahidi Mahlet, "utakaa mbele ya kompyuta. Kadi moja utaipanga wewe, mwanzo hadi mwisho."

Mahlet alikuwa na miaka kumi na mitatu. Ahadi ile aliibeba kama mtu anayebeba yai.

Huo ulikuwa wakati wa mfungo. Katika mfungo hakuna anayeoa, kwa hiyo maharusi wote wa Dessie walikuwa wakisubiri Pasaka, na kadi zao zote zilikuwa zikisubiri kwenye duka kama lile.

Alhamisi moja jioni, mama akiwa kanisani, maandishi yalijitokeza kwenye skrini. Selamawit alikuwa ameketi kizingitini, rafiki yake akimsuka.

"Dada, kompyuta inaomba kusasishwa," Mahlet alisema.

"Si inaomba kila siku? Utadhani ombaomba wa mlango wa kanisa."

"Nibonyeze au niache?"

"Bonyeza basi, inyamaze."

Mahlet akabonyeza. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikahesabu asilimia zake polepole, ikarudi kama ilivyokuwa. Akaifunika kitambaa, wakafunga duka.

Kesho yake, kabla hajafika mlangoni, alisikia sauti ya mama. "Imekufa tena."

Skrini ilikuwa ya buluu tupu yenye maandishi meupe. Ikazimika, ikawaka yenyewe. Mama akajaribu kuandika, ikarudi buluu. Kwenye kiti cha wateja alikaa Weizero Zenebech, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ambaye binti yake alikuwa anaolewa wiki ile ile ya Pasaka.

"Sasa watu nitawaalika kwa mbiu?" aliuliza Weizero Zenebech.

Mama aligeuka. "Nani aliigusa mashine hii?"

Selamawit alikuwa amesimama karibu na printa. "Mahlet," alisema. "Jana jioni ilileta sasisho, akalibonyeza. Matokeo ndiyo hayo."

"Na nani alimruhusu?"

Mahlet alimtazama dada yake akingoja amalizie. Selamawit aliangalia karatasi zilizokuwa mkononi mwake.

"Mimi nilikuwa nje," alisema. "Sikuwa na habari."

Mahlet alimsogelea. "Dada, si wewe uliyeniambia..."

"Nilikuambia nini? Usinitie kwenye mambo yako."

Weizero Zenebech alicheka kidogo. "Watoto wa siku hizi wanazaliwa na simu mkononi, basi kila mmoja ni fundi."

Mama hakufoka. Heri angefoka. "Kitambaa cha vumbi kiache leo, Mahlet. Nenda nyumbani. Usiguse tena kitu hapa dukani. Na ile habari ya Pasaka, isahau."

Jioni walikula sinia moja kama kawaida, injera na mchuzi mzito wa unga wa dengu, shiro. Selamawit akakata kipande kizuri, akakichovya, akakikunja, akakielekeza kinywani mwa mdogo wake. Kwao tonge la namna hiyo ni mapenzi, na kulikataa ni kumtukana aliyekulisha. Mahlet alifunga midomo. Mkono wa Selamawit ukabaki hewani, mchuzi ukidondoka siniani, mpaka mwenyewe akalila.

"Ana nini huyu?" mama aliuliza.

"Ameshiba," Selamawit alijibu.

Walipokuwa wakitandika kitanda, Mahlet aliuliza taratibu, "Dada, kwa nini?"

"Mambo ya siku mbili hayo. Mama atasahau."

"Lakini uliniambia nibonyeze."

"Sikumbuki," Selamawit alisema, akavuta blanketi upande wake.

Neno hilo lilimuuma Mahlet kuliko yale ya dukani. Dukani huenda dada aliogopa tu. Hapa walikuwa wawili, hakuna mteja, hakuna mama, na bado hakutaka kumpa hata nusu ya ukweli. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye na huyu walilala blanketi moja tangu alipoachishwa ziwa.

Weizero Zenebech hakuwa mtu wa kukaa na habari. Jumatatu darasa zima lilikuwa nayo. "Mahlet," Biruk aliita kutoka dawati la nyuma, "njoo uiguse kengele ya shule ife, leo tukae uwanjani mchana kutwa." Wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Mahlet alifungua kitabu asisome kitu.

Dukani alikuwa haruhusiwi, ila kumpelekea mama chakula aliruhusiwa. Basi alipeleka, akasimama mlangoni kungoja chombo, na akawa anatazama. Fundi alikuwa ameitwa, Gashe Wondimu, kama walivyomwita kwa heshima ya umri, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku ya kwanza alipuliza vumbi. Siku ya pili alibadilisha waya wa umeme. Siku ya tatu alichomoa vipande vya kumbukumbu, akavipangusa, akavirudisha. Kila mara kompyuta iliwaka vizuri, mama akashukuru Mungu, kisha ikafa.

Mahlet aliona jambo. Mama alipoandika namba za simu, kompyuta ilitulia. Alipoandika anwani kwa herufi za Kizungu, ilitulia. Akianza tu kuandika Kiamhari, hata herufi mbili hazifiki, skrini inageuka buluu. Aliangalia siku hiyo, akaangalia na siku iliyofuata, ili asije akasema lisilo kweli.

"Mama," alisema, "inakufa ukiandika Kiamhari tu."

"Umeleta chakula. Chakula nimekipata."

"Mwache aseme, Weizero," Gashe Wondimu alisema. Akavuta kibodi. Akaandika namba mstari mzima, hakuna neno. Akageuza kwenye Kiamhari, akagusa herufi. Buluu.

"Kumbe una macho," alimwambia Mahlet. Kisha akamgeukia mama. "Hii programu ya kuandikia herufi za Kiamhari mnaijua?"

"Hiyo? Nilifundishwa kuchapa nayo. Iko humo miaka yote na haijawahi kunisumbua. Si yenyewe."

"Haijaguswa? Hakuna aliyeiweka upya?"

Mama akamtazama Mahlet. Mahlet akatikisa kichwa. Gashe Wondimu akamtazama Selamawit, ambaye alikuwa akinyoosha rundo la kadi lililokwisha kunyooka.

"Iko kama ilivyokuwa," Selamawit alisema. "Huyu mtoto anatafuta tu pa kusingizia."

Gashe Wondimu akakuna kidevu. "Basi ni sasisho lenyewe."

Akashughulika muda mrefu, akaling'oa lile sasisho. Kompyuta ikafa kama jana. Mwishowe akavua miwani.

"Weizero, sina njia nyingine. Nitafuta kila kitu, niuweke mfumo mzima upya. Picha na kadi za wateja nitazihamisha kwanza. Ila ile programu ya kupangia kadi haitarudi. Mna nakala yake?"

"Aliyeniwekea alihamia Addis Ababa, alishafariki," mama alisema. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Bila hiyo, Pasaka hii sina duka."

Gashe Wondimu akaanza kufungua mkoba wake. Mama aliinamisha kichwa, shela yake nyeupe ikateleza begani asiiokote. Mahlet alitaka kwenda kumwokotea, lakini alikuwa amekatazwa kuvuka mlango.

"Gashe, ngoja," Selamawit alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Alieleza huku akitazama sakafu. Ijumaa ile asubuhi ndiye aliyefungua duka. Akakuta baada ya sasisho programu ya herufi ya mama imekataliwa, na kompyuta imeleta herufi zake yenyewe zenye mpangilio mwingine. Alijua mama hawezi kuchapa hivyo. Akaenda kwa rafiki yake, akapata nakala ya zamani kwenye flashi. Kompyuta iliikataa, ikaonya. Akaizima sehemu inayolinda mashine, akaisukumiza ndani.

"Nilitaka mama akifika akute kila kitu kiko sawa," alisema. "Halafu ikaanza kufa."

"Na ukamwachia mdogo wako msalaba," mama alisema.

"Niliogopa."

"Alhamisi, nani alimwambia abonyeze?"

Selamawit alilisogeza kando rundo la kadi. Kisha akasema, "Mimi."

Mahlet alidhani akilisikia neno hilo atafurahi. Hakufurahi. Aliona tu siku zile zote moja moja, alipokuwa akidhihakiwa na huyu akijua, alipoitambua shida na huyu akamwita msingiziaji. Machozi yalimtoka, akageukia barabarani yasionekane.

Gashe Wondimu alirudi kwenye kibodi. Aliiwasha kompyuta kwa mambo ya lazima peke yake, akaing'oa ile nakala ya zamani, akarudisha ulinzi, akarudisha na sasisho. Kisha akaandika Kiamhari. Skrini ikabaki nyeupe, herufi zikajipanga juu yake.

"Sasisho halikuwa na kosa," alisema akifunga mkoba. "Nakala ile ya flashi ni ya zamani kuliko hata ile mliyokuwa nayo, haiwezi kukaa nyumba moja na mfumo huu, hata sasisho likiondolewa. Ningeambiwa siku ya kwanza, ningemaliza kabla chai haijapoa. Kompyuta ni kama mgonjwa. Ukimficha daktari ulichomlisha, atampasua bure."

Mama aliweka vidole kwenye kibodi, akaanza. Herufi zilikuja zisizo zake. Akafuta, akarudia, akakosea tena.

"Mahlet," aliita. "Mpangilio huu unaujua?"

"Ndio huu wa kwenye simu, mama."

"Basi ingia. Kaa hapa, uniambie kila herufi iko wapi." Mahlet alipokaa, mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Nilikuhukumu kwa neno la mtu mmoja, sikukusikiliza wewe. Nimekukosea, mwanangu."

Weizero Zenebech alipokuja kuchukua kadi zake, alizishika, akazinusa, akazisifu. Mama akasema, "Kaa kidogo. Selamawit ana neno."

"Mama, si tumeshaongea nyumbani?" Selamawit alinong'ona.

"Uongo ulisemwa hapa, mbele ya huyu. Hauwezi kufutwa jikoni."

Selamawit akasema yote. Weizero Zenebech aliinuka upesi, akajifunga shela. Aliondoka na kadi zake, na kabla ya jua kuzama Dessie nzima ilikuwa na habari nyingine.

Mama aliwaweka wote wawili mbele yake. "Kuharibu mashine si dhambi, Selamawit. Uliharibu ukinitafutia urahisi, hilo ningelicheka. Lakini aliyekosea akinyamaza, anayeadhibiwa ni mwingine, na ugonjwa unabaki pale pale. Sema kosa lingali dogo. Na wewe Mahlet, ulipoona jambo uliliangalia mara mbili kabla ya kulisema. Endelea hivyo hata watu wasipokusikiliza."

Wakati wa kufunga duka, Selamawit alibaki nyuma, akamsaidia Mahlet kutandaza kitambaa juu ya kompyuta.

"Umenisamehe?"

Mahlet alinyoosha pindo la upande wake. "Bado," alisema. "Lakini twende, mama anatungoja."