Msalaba Katika Shimo la Nne

Jumanne, tarehe 2 Aprili 2019. Asubuhi hiyo jiji la Mexico liliamka na joto kavu, na vumbi lilikuwa limeificha milima. Kwenye foleni ya tamale, vitafunio vya unga wa mahindi vilivyofungwa majanini, nje ya kituo cha treni, Jacinta Olmedo, mwenye blauzi ya manjano na viatu vya matope, alimkanyaga mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Samahani, bwana."

"Usijali. Mguu wa pili upo, ukiutaka."

Alikuwa Evaristo, fundi mkuu wa kiwanja kilekile alichotumwa Jacinta kukichunguza. Jacinta, mwanaakiolojia, alipaswa kuchimba mashimo sita ya majaribio, aone kama kuna mabaki ya watu wa kale, kabla ghorofa halijajengwa.

"Kumbe wewe ndiye wa kutunyima kazi," Evaristo alimwambia langoni.

"Omba nisipate kitu."

"Nitaomba uchimbe polepole."

Mwezi ule walipendana, na Jacinta hakutulia. Simu ya Evaristo ikilia, moyo unaruka.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi."

"Basi nakuja na supu."

Mwisho wa Aprili, shimo la nne lilimwonyesha sakafu ya chokaa ya kale. Akaifunika kwa nailoni, akamwambia Evaristo peke yake. Akiiandika kwenye ripoti yake, ujenzi utasimama na waashi ishirini watarudi nyumbani. Siku tatu zikapita hajaandika neno. Aliomba, akainuka, akaomba tena.

Tarehe 3 Mei ilikuwa sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, siku ambayo waashi husimamisha msalaba wenye maua mahali pao pa kazi. Jacinta alifika na gauni la bluu. Msalaba ulisimama katikati ya shimo la nne, umemwagiwa zege.

Akampigia Evaristo simu. "Uko wapi?"

"Sokoni, nanunua maua zaidi. Vipi, mpenzi?"

"Umeifukia sakafu yangu. Nilikwambia wewe tu."

"Jacinta, sijui unasema nini."

Akakata. Simu ililia mara tano, hakupokea.

Evaristo alifika anahema, shati jeupe limelowa jasho, akauliza nani amemwaga zege pale. Mwashi mmoja, Chano, alimjibu bila wasiwasi: "Shimo lilikuwa tayari, fundi. Tuchimbe jingine la nini? Tulimwaga jana jioni, juu ya nailoni."

"Ung'oeni."

"Leo? Msalaba hauguswi siku yake. Padri yuko njiani."

Evaristo alivua kofia, akajifanyia ishara ya msalaba, akashika nyundo na tindo. Hakuna aliyemsaidia. Jacinta alikuwa langoni, mkoba begani, anataka kuondoka na hawezi. Mwishowe akashuka shimoni na gauni lake.

"Taratibu. Hapo utaipasua."

"Nishikie huku, basi."

Walitoa zege kipande kwa kipande. Chini ya nailoni, sakafu ilikuwa nzima.

"Nikiiandika, utakosa kazi," Jacinta alisema.

"Najua."

Padri aliingia, akauona msalaba umelala chini. "Nani ameuangusha?"

"Mimi, Padri," Evaristo alisema, akawageukia waashi. "Sikilizeni nyote. Sitaweka tofali hapa mpaka Jacinta aseme amemaliza. Na akinikubali, hata kama sina kazi, nitamwoa mwaka huu."

Waashi wakamtazama Jacinta. Alijifuta chokaa mashavuni.

"Mimi nitaiandika sakafu hii leo, kama ilivyo," alisema kwa sauti ya kusikika hadi langoni. "Kisha nitaolewa na wewe, Evaristo. Padri na hawa wote wamenisikia."