Siwa Lililopotea Siku ya Kura

Kasha la kioo lilikuwa tupu.

Inspekta Pulusi Talafou alilizunguka mara mbili, mikono nyuma. Siwa la Bunge la Motufala, rungu la mti mgumu lenye urefu wa mkono wa mtu mzima na kichwa cha jino la nyangumi, halikuwepo. Katibu wa Bunge, Mzee Lotomau, alikuwa amekaa sakafuni akijipepea kwa kitabu cha Kanuni za Bunge.

"Uliliona lini mara ya mwisho?"

"Jana, saa kumi na moja jioni. Nilifunga mwenyewe."

"Na ufunguo?"

"Kwenye msumari, nyuma ya kalenda."

"Nani anajua kwamba ufunguo unakaa hapo?"

Lotomau aliacha kujipepea. "Ungeniuliza nani hajui, afande, ningekujibu upesi zaidi."

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, siku ya mwisho ya kikao. Saa tisa alasiri wabunge wote kumi na watano walitakiwa kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Tausaga Moli. Kanuni zilisema hivi: bila siwa mezani hakuna kikao, na hoja isipopigiwa kura hadi saa kumi na mbili jioni, imekufa, hairudi tena mpaka mwaka upite. Nchi nzima ilijua kwamba upinzani una kura nane na serikali saba. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa imekwisha kumpata mwizi kabla polisi hawajafika.

Pulusi hakupenda kesi ya namna hiyo. Alikuwa mpelelezi pekee wa visiwa vya Motufala kwa miaka kumi na sita. Alikuwa amekamata wezi wa nguruwe, wezi wa mashine za boti, na mara moja alimsaka bibi harusi aliyedaiwa kuibwa, akamkuta kisiwa cha pili anavua samaki kwa raha zake. Lakini hakuwa amewahi kumkamata Waziri Mkuu. Na huyu, juu ya yote, alikuwa mume wa shangazi yake.

Sajenti Nafatali, aliyebakiza miezi minne astaafu, alileta unga wa kuchukulia alama za vidole. Unyevu ulikuwa umeugandisha ukawa jiwe, ikabidi autwange kwa chupa. Alipaka kasha lote. Hakupata kitu. Kioo kilikuwa kimefutwa pande zote, hata kwa chini, mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Pulusi aliinama akanusa. Ndimu. Kitambaa chekundu cha kulalia siwa kilikuwa kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe. Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Meza ya Spika, hatua tatu tu kutoka hapo, ilikuwa na vumbi la kuandikia jina.

"Mwizi kafanya usafi," alisema Nafatali. "Angepitia na kwangu."

Waziri Mkuu alimpokea Inspekta ofisini akiwa amesimama, viganja kiunoni. Alimkaribisha kiti, yeye mwenyewe hakukaa.

Tausaga Moli alikuwa ametawala Motufala mara nne na kuangushwa mara tatu. Alianza kama mtangazaji wa redio aliyesoma ratiba za meli, na watu walimzoea hivi kwamba walimchagua ili habari mbaya ziendelee kuja kwa sauti ileile. Mara ya kwanza aliangushwa kwa sababu ya meli ya serikali aliyoinunua ambayo, ilipofika, ilionekana ni pana kuliko mlango wa mwamba wa kuingilia bandarini, ikakaa nje mwezi mzima inatazamwa. Mara ya pili alitaka kuzungushia uzio kiwanja cha ndege, mahali ambapo taifa zima hucheza mpira kila jioni. Mara ya tatu hakuwa na kosa lolote. Wabunge wawili waligombana harusini, mmoja akahama upande. Kila mara alifungasha kalamu zake, akaenda nyumbani, akangoja. Waliomwangusha wakagombana wao kwa wao, naye akarudi.

"Mheshimiwa, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa, mpaka saa moja. Halafu nyumbani."

"Ukumbini uliingia?"

"Sikuingia." Akamtazama. "Unanishuku, Pulusi?"

"Wewe ndiye unayefaidika, Mheshimiwa."

Waziri Mkuu alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi mbili zilizochakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa hotuba ya kuaga. Tarehe tatu zilikuwa zimekatwa kwa kalamu, ya nne ilikuwa ya leo. Chini aliiombea serikali mpya baraka, kwa maneno mazuri kabisa.

"Na suti ya kuagia nimeshainyoosha," alisema. "Mtu aliyeficha siwa angepiga pasi ya nini?"

Pulusi aliona hoja hiyo ina uzito. Akauliza, kwa adabu tu, kama Mheshimiwa alilala salama. Waziri Mkuu akasema hakulala, na si kwa ajili ya kura, kura alishazizoea. Ni godoro. Tangu jana usiku lilikuwa na kitu kigumu katikati ya mgongo, kama mtu amelalia kasia. Mkewe alimwambia ni umri. Alilieleza jambo hilo kirefu, akionyesha mahali kwa kidole, na Pulusi, kwa kuwa alikuwa ameshika kalamu, aliandika kwenye daftari: mgongo.

Kiongozi wa Upinzani, Siliga Vete, alikuwa kwenye baraza ya Bunge akikariri kiapo cha Waziri Mkuu mbele ya kioo cha pikipiki yake. Alidai Tausaga akamatwe mara moja. Akauliza pia kama Kanuni zinaruhusu siwa la kuazima, hata mwiko mkubwa. Jana jioni, alisema, alikuwa golikipa kiwanja cha ndege hadi giza, na watu arobaini walimwona akifungwa manne. Pulusi alikuwa mmoja wao. Tena huyu mtu alikuwa anaitaka kura hiyo kuliko chakula. Hakuwa na sababu ya kuizuia.

Inspekta alirudi kwa Katibu.

"Baada ya saa kumi na moja, nani aliingia humu?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Wake wa waheshimiwa tu, walikuja kubadilisha mikeka."

Pulusi alivuta pumzi. Walikuwa wangapi? Watano. Walileta mikeka mipya, wakaviringisha ya zamani, kila mmoja wa kwake, wakaenda nayo kuifua. Upana wa mkeka? Lotomau alipima kwa mikono. Siwa lingelala ndani, na nafasi ikabaki.

Alipanda pikipiki akapita nyumba nne. Kwenye nyumba nne alikuta mikeka minne inachuruzika maji kambani. Nyumba ya tano ilikuwa ya Waziri Mkuu, na kamba yake ilikuwa na mataulo tu. Pulusi alizima injini, akafungua daftari, akasoma neno aliloandika asubuhi. Akakaa juu ya pikipiki kwa muda, maana hakutaka kuingia.

Shangazi Selepa alikuwa jikoni anakuna nazi. Kila mkebe rafuni ulikuwa na kibandiko chenye mwandiko wa Waziri Mkuu: Chumvi, Sukari, Unga (Ngano), Unga (Mwingine). Juu ya jiko kulikuwa na ratiba ya kulisha kuku, yenye nafasi ya sahihi.

"Shangazi, mkeka wa Bunge uko wapi?"

"Umekula?"

"Shangazi."

"Kuna shelisheli na jodari. Kula kwanza."

Alikula. Mama huyu alimlea miaka miwili mama yake alipopelekwa kutibiwa ng'ambo, na hakuna kiapo cha polisi kinachomfundisha mtu kukataa sahani yake. Alipomaliza alifuta mikono.

"Nikiinua godoro lenu nitakuta nini?"

Mkono wa Selepa ulisimama juu ya mbuzi ya nazi.

"Utakuta mkeka."

"Na ndani ya mkeka?"

"Amekulalamikia mgongo?"

"Kwa urefu."

"Nilijua. Mtu huyo hana siri, hata na mgongo wake."

Pulusi alitoa karatasi za maelezo ya onyo. Akaanza kumwambia kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba lolote atakalosema litaandikwa. Selepa akamwambia aandike tu, ila aandike vizuri, si mwandiko ule wa shuleni.

"Walipomwangusha mara ya kwanza, alikaa hapa nyumbani miezi ishirini," alisema. "Mtu aliyezoea kuongoza nchi hawezi kukaa bure. Aliunda kamati ya kuku. Nikawa mjumbe, nikawa katibu pia, wote mimi. Mara ya pili akabandika majina kwenye mikebe, kana kwamba sijui chumvi yangu. Mara ya tatu, nikitaka kwenda kwa dada yangu, nilitakiwa kutoa taarifa siku mbili kabla. Kila asubuhi anakaa kwenye kiti hicho ulichokalia wewe, ananiuliza mpango wangu wa siku. Ninyi mnasema serikali imeanguka. Mnajua inaangukia wapi? Inaniangukia mimi."

"Kwa hiyo ulitaka nini?"

"Mwaka mmoja tu. Nina miaka sitini na mbili, Pulusi. Akishatoka kwenda kazini, nakaa hapa na kikombe changu cha chai, na hakuna anayeniuliza kitu. Nilitaka mwaka mwingine wa asubuhi kama hizo."

Pulusi aliandika. Kisha akauliza kwa nini alifuta kioo.

"Kilikuwa kichafu. Nikione, nikiache?"

Saa ya ukutani ilisema saa saba. Selepa aliitazama, akamtazama mpwa wake, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna anayejua ila wao wawili, na saa kumi na mbili si mbali. Pulusi alisogeza sahani tupu pembeni. Angeweza kuondoka akazunguka kisiwa mpaka jua lizame. Lakini alikuwa ameona uso wa Tausaga asubuhi.

"Shangazi, siwa lisipopatikana, watu watasema ameiba yeye. Wameshaanza. Watasema mpaka siku anazikwa."

Ilionekana wazi kwamba hilo hakuwa amelifikiria. Aliinuka, akanawa mikono.

"Mwizi? Huyo?" alisema. "Kuku wa jirani akitaga kwetu, anapeleka yai pamoja na barua."

Akaenda chumbani akainua godoro mwenyewe.

Walifika Bungeni kwa pikipiki, siwa likiwa magotini pa Selepa ndani ya mkeka wake. Spika alikataa kulipokea bila taarifa ya polisi kusomwa. Kikao kilikuwa kinarushwa na redio, kwa hiyo Pulusi aliisomea nchi nzima maelezo ya shangazi yake, kuanzia kamati ya kuku hadi kikombe cha chai. Alipofika kwenye mikebe, mtu mmoja alicheka. Katika viti vya wageni, wanawake hawakucheka. Walitikisa vichwa kama watu wanaosikia habari za kwao. Waziri Mkuu alitazama viatu vyake tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoombwa aseme neno, alizikunja zile karatasi zake mbili akasema hana hotuba.

Spika akaita kura. Wanaounga mkono hoja wanyooshe mikono. Ilinyooka saba. Siliga Vete aligeuka taratibu kumtazama mzee Elisala, mtu wake wa nane, ambaye mikono yake ilikuwa chini ya meza.

"Mheshimiwa Spika," alisema Elisala, "mimi nina ugomvi na Waziri Mkuu. Na yule mama sina ugomvi naye."

Hoja ikaanguka kwa kura saba dhidi ya nane.

Nje, kwenye ngazi, Pulusi alimpa shangazi yake hati ya wito: Jumatatu, saa tatu asubuhi, mbele ya hakimu, kwa kuchukua mali ya Bunge bila idhini. Aliisoma yote, akamsifu kwa mwandiko. Waziri Mkuu alitoka akasimama mbele yao, na kwa muda mrefu alionekana anatafuta neno ambalo hajawahi kulisoma redioni.

"Ungeniambia tu, Selepa," alisema.

"Ungeniwekea nafasi kwenye ajenda."

Tausaga akamuuliza Pulusi kama kweli lazima amshtaki, na Pulusi akasema lazima. Waziri Mkuu akaitikia kwa kichwa, akakunja mikono nyuma. Alisema basi Jumatatu atachukua ruhusa akamtetee mwenyewe. Tayari alikuwa na hoja tatu, na ya pili ilikuwa na vipengele.

Selepa aliviringisha mkeka akauweka begani.

"Jumatatu," alimwambia, "wewe nenda kazini."