Kiti cha Dereva

Lori lilikuwa limelalia upande wa dereva, na ndani hamkuwa na mtu.

Fundi Cheche alilitazama akasema springi zimechoka. Lilikuwa lori kuukuu la porini, la kupanda milima na kuvuka matope, na nyaya zake zilishaunganishwa na mafundi wa kila aina, wengine nadhani walikuwa wapishi. Lawama zote ziliwaendea hao. Yeye, ukimsikiliza, hakuwahi kukosea tangu azaliwe.

Msaidizi wake alikuwa mkewe. Mume huinama chini ya boneti, mke hukaa kwenye usukani. Mume akisema "piga", mke anapiga starta, akisema "zima", anazima. Boneti ikiwa juu hawaonani, wanasikilizana tu. Asubuhi ile mke alichelewa kidogo, Cheche akamporomoshea maneno: mikono yake ya uji, kichwa chake cha kufungia kilemba tu. Mke alichomoa funguo, akaziweka juu ya sanduku la spana, akaenda kuwachukua watoto, wakaelekea kwa mama yake.

Cheche hakuona. "Piga," alisema.

Starta ikazunguka palepale.

"Zima." Ikazima. "Kumbe ukitaka unaweza. Kaa hapohapo, mama watoto. Usishuke mpaka nikwambie."

Alipoteremsha boneti ndipo alipokuta kiti kitupu, lori limelala upande, na funguo juu ya sanduku.

Springi zimechoka na nyaya zimegusana, alijiambia, akatia funguo mfukoni, akaanza kutafuta hitilafu. Akainua tena boneti, akafungua waya wa hasi kwenye betri, akapitisha taa ya kupimia kila mahali. Haikuwaka popote. Lakini taa kubwa za lori ziliwaka, zikafifia, zikawaka tena. Akaitoa betri yenyewe, akaitua chini karibu na mguu wake. Sasa palinuka waya ulioungua, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na nyingine, ya mafuta ya nywele ya mkewe, ila yameoza.

Alikuwa na mazoea ya kujisemea kazini, na ulimi ukamponyoka. "Piga."

Injini ikanguruma, betri iko chini, funguo ziko mfukoni, na Cheche ambaye mkono wake ulikuwa bado karibu na feni aliurudisha ncha ya kidole ikiwa imeshakatwa, akasema zima, akasema tena zima, akaishia kunong'ona neno hilohilo huku damu ikimchuruzika hadi kiwikoni na springi za kiti zikilia taratibu kule ndani, kama zinavyolia mtu mzito anapojigeuza akutazame vizuri.

Kisha injini ikanyamaza yenyewe.

"Nishuke?" sauti ikauliza.

Ilikuwa ya mkewe, ila ilisema polepole mno, mithili ya mtu anayejifunza kusema. Cheche alikimbia. Alimpigia mkewe simu mpaka chaji ikaisha, na hakupokea. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona aibu. Alimtaka mkewe arudi, basi.

Mchana wa siku iliyofuata akamleta mganga, mama mmoja mnene asiye na subira, ambaye aliziba pua kabla hajalifikia tairi la kwanza.

"Nani alimkalisha humu?" aliuliza chinichini.

"Nilidhani ni mke wangu, mama."

"Ulimwambiaje?"

Cheche akamweleza, macho yakiwa chini.

"Umempa kiti, ukampa na jina. Haya, mwambie ashuke. Neno hilo tu, kisha ufunge mdomo. Ukimwita vile ulivyomwita, atashuka akiwa huyo, atakwenda zake nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Wewe unadhani mama watoto anakaa wapi?"

Cheche alisimama mbele ya mlango wa dereva. "Shuka," alisema.

Kiti kililia kidogo, kikatulia. Walingoja. Na Cheche, ambaye hajawahi kuvumilia kucheleweshwa, akapandwa na hasira zake zilezile.

"Shuka basi, mama watoto, unangoja nini?"

Mlango ukafunguka, ukafungwa polepole. Lori likainuka upande ule likakaa sawa. Mganga akaokota mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Betri ilipofungwa, injini iliwaka mara moja na kuzima ilipozimwa. Harufu haikuwapo. Kufika jioni Cheche alikuwa ameshajishawishi kwamba yule mganga ni mtu wa vitisho tu.

Nyumbani alikuta mlango uko wazi. Harufu ya mafuta ya nywele ilijaa hadi ukumbini, nzuri, safi, na moyo wake ulifurahi mpaka machozi yakamlenga. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi akimpa mgongo, mtandio kichwani.

"Nisamehe," alisema Cheche. Hakuwahi kulitamka neno hilo. "Sitakutukana tena, mama watoto. Wallahi."

Simu ikaita mfukoni. Akapokea bila kutazama.

"Nimeona umenipigia sana," alisema mkewe, na nyuma yake watoto walisikika wakicheka. "Hasira zimeniisha. Mimi na watoto tunalala huku kwa mama. Kesho ukitaka tuzungumze, njoo utuchukue."

Cheche alitazama kochi. Lilikuwa limebonyea upande mmoja mpaka linagusa sakafu.

"Baba watoto? Unanisikia?" mkewe aliuliza.

Kichwa chenye mtandio kikaanza kugeuka.

"Zima," kilisema.

Cheche akazima.